Ruhusa Wakati wa Giza

Nianze na jambo ambalo wenzangu kazini walilisema nikiwapa kisogo: nilikuwa mkali, na ukali wenyewe niliupenda. Kwa miaka kumi na moja nilishika daftari la ruhusa katika kampuni moja ya dagaa hapa Kigoma, upande wa Kibirizi, pale boti za vijiji vya kaskazini zinapotia nanga. Dagaa wakishaanuliwa waliletwa kwetu, wanawake wakawachambua, wanaume wakapima na kushona magunia, malori yakaondoka. Kazi yangu mimi ilikuwa watu. Nani kaja, nani hakuja, na asiyekuja ana sababu gani.

Kazi yetu ilifuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikishawaka ziwa zima taa hazina faida, wavuvi hukaa nchi kavu wakashona nyavu. Ghala likawa tupu, sisi tukapumua. Giza likirudi, mzigo ulishuka kila asubuhi mpaka ukakosa pa kukanyaga. Kwa hiyo bosi aliweka utaratibu tangu zamani: likizo na ruhusa ni wakati wa mbalamwezi. Wakati wa giza hakuna anayetoka. Alikuwa na msemo wake, akipenda kuurudia akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai: dagaa hawana likizo. Nasi tulicheka kila mara, maana bosi akitania unacheka hata kama utani ni wa mwaka juzi.

Basi watu wetu wakawa wanaugua kwa mwezi. Harusi wakazipanga kwa mbalamwezi, watoto wakawapeleka kutahiriwa kwa mbalamwezi, jino likiuma wakalivumilia mpaka mbalamwezi. Sheria ya nchi inampa mtu siku zake ishirini na nane, wote tulijua, lakini aliyezitaja alionekana ana mdomo, na mwenye mdomo mkataba wake ukiisha hauendelezwi. Wengi walikuwa na mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka sita sijachukua likizo na nilijisifu nayo. Mume wangu, Mungu amweke, alikuwa akinitania pale nyumbani Ujiji kwamba nikifa nitaomba ruhusa kwanza nisubiri mbalamwezi.

Kulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea wakati wa giza, nao ni msiba. Hapo hata bosi alinyamaza. Mfiwa humuulizi maswali. Anakuja macho mekundu, unamwandika, unampa pole, wenzake wanachanga kidogo, anaondoka. Na watu si wajinga. Wakishaona mlango ni mmoja, wote watapita humohumo. Shangazi wakaanza kufa. Wakafa wajomba, wakafa baba wadogo, wengine sidhani kama waliwahi kuzaliwa. Ilifika mahali mtu akikosekana asubuhi wenzake waliulizana leo kamuua nani.

Kijana mmoja wa mizani ndiye aliyetuharibia. Alimzika bibi yake mzaa mama mwezi wa pili, tukampa pole. Mwezi wa tano akamzika tena. Nilipomuuliza akaapa kwamba yule wa kwanza alikuwa mzaa baba, mimi ndiye niliyeandika vibaya. Nikamwacha. Haikupita wiki mbili, nipo mezani, anaingia bibi kizee ana kikapu cha mihogo kichwani, ananisalimia vizuri, anauliza mjukuu wake anafanya kazi upande gani. Nikamuuliza mjukuu yupi. Akamtaja. Nikamuuliza yeye ni bibi yake wa wapi. Mzaa mama, akasema, na mzaa baba alikufa kabla mtoto hajazaliwa. Marehemu mwenyewe huyo, amekaa kwenye benchi langu, anajipepea kwa upande wa kanga, ananiomba maji ya kunywa.

Tulicheka ghala zima, na bosi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaniita ofisini na hakuwa anacheka tena. Akasema watu wananichezea, nitafute dawa. Nilikerwa. Mtu kunidanganya mimi, kwa kuangaliana usoni, niliona ni dharau, na dawa niliitafuta usiku huohuo. Kesho yake nikabandika tangazo. Mwenye msiba aende azike, lakini akirudi alete barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa, yenye muhuri. Mwenye kuuguliwa alete barua hiyo kwanza, ndipo aruhusiwe. Niliona nimepima vizuri. Maiti haisubiri, nikajisemea, lakini mgonjwa anaweza kusubiri. Neno hilo nililisema mwenyewe kwa kinywa changu mbele ya wafanyakazi wote, wakati natangaza.

Sasa nimseme binti mwenyewe. Alikuwa mchambuaji, kama miaka ishirini na sita hivi, mtu wa Mwamgongo, kijiji cha huko kaskazini, anapanga chumba Gungu na watoto wawili, mume kaenda Kongo na hajarudi. Hakuwa mzungumzaji. Mikono yake ilikuwa na kasi, na dagaa aliowachambua yeye hukuti jiwe wala kipande cha nyasi ndani yao. Katika miaka miwili jina lake halikuwamo katika daftari langu hata mara moja.

Ijumaa moja, giza ndio limeanza na mzigo umefika mpaka kwenye ngazi, alikuja mezani kwangu saa ya uji. Akapiga goti kidogo, akaniamkia. Akasema mama yake anaumwa sana, chakula hakipiti, hageuki kitandani, na dada yake amepiga simu kwamba mama anamtaka. Siku tatu tu, akasema, aende na kurudi. Nikamuuliza barua iko wapi. Akasema hana, habari amezipata jana jioni. Nikamwonyesha tangazo ukutani.

Hakuondoka. Akasimama anavuta ncha ya kitenge chake, kisha akaniambia jambo ambalo naamini hakuwa amemwambia mtu mwingine pale kazini. Kwamba yeye na mama yake hawakuachana vizuri. Alipotaka kuolewa na yule bwana, mama alikataa, wakagombana, naye siku ya kuondoka alimjibu mama neno ambalo mtoto hamjibu mzazi. Hakuniambia ni neno gani. Tangu hapo miaka minne ilikuwa imepita, alituma sukari na sabuni kwa watu wa boti, mama akapokea, lakini hawakuwahi kukaa wakaongea. Sasa mama alikuwa amesema kwa kinywa chake, aje tuagane nimpe radhi yake.

Mtu yeyote mwenye mama anajua hilo ni neno gani. Unaweza kukosa shamba, ukakosa nyumba, ukakosa mume, ukaishi. Lakini kukosa radhi ya mama aliyekunyonyesha, akaingia kaburini moyo wake haujakufungukia, hilo unakwenda nalo mpaka kaburini kwako. Nilijua hivyo. Nimelelewa hivyo. Na unajua niliwaza nini wakati anaongea, machozi yanamlengalenga? Niliwaza: huyu kajipanga vizuri kuliko yule wa bibi.

Nikamwambia alete barua. Akatoa simu akasema basi niongee na dada yake, nisikie mwenyewe. Nikasema kila mtu ana dada. Akauliza kama mtendaji akipiga picha barua na kuituma kwenye simu itafaa. Nikasema nataka karatasi, nataka wino wa muhuri niuone. Hapo nilikuwa ninamnyooshea na kidole. Ninapokumbuka kile kidole najiona mtu wa hovyo kabisa.

Wenzake walimshauri. Hili nilikuja kulisikia baadaye, lakini ndilo linaloniuma kuliko yote. Walimvuta pembeni ya chanja ya kuchambulia wakamwambia, wewe mjinga nini, sema mama amekufa. Ukisema amekufa unaondoka na boti ya leo, barua utaileta ukirudi, na ukirudi nani atakumbuka. Ilikuwa kweli. Kwa sheria yangu mimi, mwongo alikuwa anapanda boti saa saba mchana huohuo, na mkweli anabaki kuchambua dagaa. Yeye akakataa. Aliwajibu, na walioniambia walinihakikishia kwamba alisema hivi hasa: "Siwezi kumtamkia mama kifo na bado anapumua. Nitakuwa nimemwitia mwenyewe."

Na kuondoka bila ruhusa hakuthubutu. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule, na mwaka uliopita tulimfukuza mwenzake aliyekwenda Kagunga kumwona mtoto bila kuaga. Alikuwa na watoto wawili wanaokula. Akarudi kwenye chanja, akampigia dada yake amtafute mtendaji.

Mtendaji hakuwapo. Alikuwa ameitwa mjini kwenye kikao, na muhuri kama kawaida yao anatembea nao kwenye mkoba. Yaani tangu Ijumaa mpaka Jumatatu muhuri ule ulikuwa hapahapa Kigoma, labda umelala gesti nyuma ya soko, na binti anautafuta Mwamgongo. Jumamosi aliponiambia hivyo nikamjibu kwamba basi amwambie mtendaji aandike hukuhuku mjini. Alimpata kwa simu. Mtendaji akasema hawezi kuthibitisha mgonjwa ambaye hajamwona kwa macho, asije akapata matatizo. Naye alikuwa na sheria zake. Tulikuwa wawili, kila mmoja na karatasi yake, na katikati mtu anataka kwenda kumwona mama yake.

Jumapili kazi ilikuwapo kwa sababu ya giza. Alikuja. Nilimwona kutoka dirishani kila boti ya kaskazini ilipowashwa ananyanyua kichwa. Nikasema moyoni, leo akiniomba tena nitampa. Hakuniomba tena. Na mimi, mkubwa mzima, nikangoja aniombe.

Jumatatu mtendaji akarudi kijijini na boti ya mchana, akafika, akaenda nyumba ile, akamwona mgonjwa, akaandika barua jioni hiyohiyo. Namshukuru kwa hilo. Dada mtu akaikabidhi kwa mama mmoja anayeleta samaki mjini, na boti ya alfajiri ikaondoka nayo. Jumanne saa tatu kasoro yule mama akaingia ofisini kwangu, sketi imelowa mpaka magotini, akanisalimia kwa Kiha, mwakeye, akanipa bahasha iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Niliifungua. Muhuri upo, sahihi ipo. Mtendaji aliandika kwamba mama huyo ni mgonjwa mahututi, na mwanawe anaombwa afike bila kuchelewa.

Nikamwita binti, nikamwambia haya nenda, nimekupa siku tano. Ndiyo, niliongeza mbili, nikajiona mtu mwema. Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili akanishukuru. Akakimbia. Alichukua bodaboda mpaka Gungu kufunga kanga zake na kuwaacha watoto kwa jirani, akarudi ufukweni saa nne na nusu kungoja boti. Boti iliyomletea barua ndiyo hiyohiyo ilikuwa irudi saa saba.

Akiwa pale kwenye mchanga simu ikalia. Mama alikuwa amefariki baada ya swala ya alfajiri, barua ikiwa botini, njiani kuja kwangu. Dada mtu alijaribu kupiga tangu asubuhi, mtandao wa kule ukamsumbua. Alimwambia wazee wamekubali kusubiri mpaka alasiri, awahi.

Boti haikuondoka saa saba. Nahodha alikuwa anangoja kreti za soda za mfanyabiashara mmoja. Waliokuwapo wanasema binti hakulia wala hakugombana na mtu, alikaa tu kwenye mbao ya mbele ameshika kibegi chake. Wakaondoka saa tisa. Mwamgongo alasiri ikafika, wazee wakatazama ziwa, wakasema maiti imesubiri ya kutosha, haifai kuteswa. Wakazika. Yeye aliteremka magharibi inaadhiniwa, akapelekwa kuonyeshwa udongo.

Habari niliipata mchana uleule kutoka kwa wachambuaji. Walisimama mlangoni wanne, hakuna aliyeingia, mmoja akasema tu kwamba mama wa mwenzao ameshafariki. Nikasema innalillahi. Kisha, na hili sikuwahi kumwambia mtu, nikavuta daftari, nikakata neno kuuguliwa, nikaandika juu yake msiba. Kwa rula. Nilichora mstari kwa rula ili ukae vizuri. Mkono ulifanya tu kazi uliyoizoea.

Nyumbani jioni ile chakula kilinishinda. Nilimkumbuka mama yangu. Nilikuwa bado msichana, nafanya kazi ya kupika kwenye shule moja huku Ujiji, na mama alipolala kitandani kwa maradhi, mkuu wa shule aliniambia nenda kamuuguze, utarudi ukirudi. Hakuna karatasi. Nilikaa naye wiki tatu. Nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko, nikamwomba msamaha wa yote ya ujana, akanitemea mate ya baraka kichwani na kuniambia nimekuradhi, nenda usijikwae. Alifia mkononi mwangu. Wema huo nilifanyiwa mimi, bila muhuri, na mtu ambaye hata hakuwa ndugu yangu. Hata ningekufa maskini, kwa hilo nilikuwa tajiri, na sikumgawia mtu.

Binti alirudi siku ya nne, siku moja kabla ya ruhusa kwisha. Nilimwona anakuja tangu getini, amejifunga kanga nyeusi, nikainuka kwenye kiti jambo ambalo sikuwa nikilifanya kwa mtu yeyote isipokuwa bosi. Nilikuwa nimepanga maneno. Akaniamkia shikamoo mama, nikaitikia. Kabla sijasema pole akafungua kibegi, akatoa bahasha, akanipa kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Nimeleta barua," alisema.

Nilikuwa sijamwomba. Lakini tangazo lilikuwa ukutani bado, na yeye alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Barua ya pili mtendaji aliiandika siku moja tu baada ya ile ya kwanza. Karatasi ya daftari lilelile, mwandiko uleule, muhuri uleule wa zambarau umeegemea upande uleule. Ya kwanza inasema mgonjwa, ya pili inasema marehemu. Nilitaka kuongea, lakini yeye akaomba ruhusa arudi kwenye chanja kwa sababu mzigo ulikuwa mwingi. Aliomba ruhusa kwenda kufanya kazi. Nikaitikia kwa kichwa.

Lile tangazo nililibandua siku hiyo, na bosi alipouliza nikamwambia limechanika. Mkataba wa binti nikaupeleka wa kwanza mezani kwake nikasimama mpaka akasaini. Najua haikuwa kitu. Ilipofika mbalamwezi nikaomba likizo, ya kwanza baada ya miaka sita, na bosi akashangaa akaniuliza naumwa. Siku ya pili ya likizo nikachukua bodaboda mpaka Gungu, na mchele kilo tatu na sukari, kama mtu anayekwenda matangani akiwa amechelewa.

Alinikaribisha vizuri mno. Alinipa kigoda, yeye akakaa kwenye mkeka, akamtuma mtoto mkubwa dukani kuninunulia soda ingawa nilikataa. Nikamwambia kilichonileta. Nilimwambia nilimwona anasema kweli na nikachagua kutoamini, kwamba ningempa ruhusa Ijumaa ile angemkuta mama yake hai, akakaa naye siku tatu nzima. Nikamwomba anisamehe. Mimi niliyemzidi umri kwa miaka thelathini nililia mbele yake, na watoto wakawa wananitazama.

Alikuwa anaokota chembe za mchanga kwenye mkeka, moja moja, kwa vidole vilevile vya kuchambulia dagaa.

"Wewe ni mama yangu, nimeshakusamehe," alisema. "Tangu nikiwa kwenye boti nimekusamehe. Lakini mimi, mama, nani atanisamehe?"

Mtoto akarudi na soda. Akaifungua, akaniwekea karibu na mguu, akaniambia karibu. Niliinywa yote kwa sababu ilikuwa imenunuliwa, na nilipomaliza nikamrudishia mtoto chupa.